Fose ya nyumbani nayo ni shimo: mtu asishuke

Mwaka jana, mwezi wa saba, nililipa vijana wawili ili wanitolee uchafu katika fose ya nyumbani kwangu hapa Baraka. Tulipatana dola 40, ndoo zao, kamba yao, na pombe kidogo ya kuvumilia harufu, kama desturi ilivyo. Wote wawili walikuwa wachimbaji. Motopompe ya shimo lao huko Misisi ilikuwa imekufa, mayi yamejaa, PDG hana feza ya kuitengeneza, njo maana walishuka mjini kutafuta kibarua. Mimi nilikaa kwenye kiti nikawaangalia wanafungua kifuniko. Walichota kwa ndoo na kamba mpaka wakafika kwenye yale matope mazito ya chini ambayo ndoo haishike tena. Hapo mmoja akavua shati, akashuka.

Hakumaliza dakika tatu. Mwenzake alimwita, akajibu kama mlevi: « Yaya, miguu haina nguvu. » Halafu hakujibu tena. Tulimvuta kwa kamba, juu kwa bahati alikuwa ameifunga kiunoni. Hiyo desturi aliitoa shimoni, si mimi niliyemwambia. Alilala chini ya mwembe karibu saa moja, anatapika, macho mekundu kama mtu aliyekaa kwenye moshi. Jioni akasimama. Nilimpa feza yake na feza ya dawa, akaniambia « Aksanti papa », akaenda.

Ile « aksanti » njo ilininyima usingizi. Miaka mingi ninazunguka kwenye mashimo, Misisi, Lubichako, Nyange, nagombana na ma-PDG: hakuna mtu kushuka bila mashine ya hewa, hakuna motopompe kufanya kazi ndani ya galeri, hakuna kumtuma mtu chini kama hamujui hewa iko namna gani. Wengine wananiita mtu wa matatizo. Na ile siku, ndani ya parseli yangu, PDG alikuwa mimi. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Ninaandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Mchimbaji akipata kidogo, kitu cha kwanza ni manjanja, cha pili ni sima, na akijenga vizuri anaweka choo cha kumwaga mayi na fose septike nyuma ya nyumba. Anaifunika, anaipiga sakafu, anaisahau. Miaka inapita. Siku choo kinarudisha uchafu ndani ya nyumba, wageni wako kwenye kiti, ndipo anakimbia kutafuta vijana wa kushuka. Na wale vijana karibu kila mara ni watoto wa shimo, juu kila mtu anasema « hawa wamezoea ».

Hawakuzoea. Hewa ya fose si hewa ya shimo la dhahabu, na hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu ujuzi wetu wenyewe unaweza kutuua.

Shimoni mzee anakufundisha kushuka na mshumaa. Mshumaa ukizimika, hewa imekwisha, panda. Kwa shimo la mawe hiyo akili inasaidia. Kwa fose ni hatari mara mbili. Kwanza, uchafu unaooza bila hewa unatoa metani, gesi inayowaka. Kupeleka moto pale ni kutafuta mlipuko. Pili, kuna gesi nyingine, ile yenye harufu ya yai bovu, wenye kusoma wanaiita haidrojeni salfaidi. Hiyo inaweza kukuua hata kama mshumaa wako unawaka vizuri. Na ina ujanja mbaya: ikiwa kidogo unaisikia, ikizidi inaua pua, husikie tena kitu. Mtu anasema « harufu imekwisha, sasa tunaweza kushuka ». Kumbe ndiyo saa yenyewe ya kufa.

Wengine watasema tulete mashine yetu ya kupuliza hewa kutoka Misisi, tupulize ndani, halafu mtu ashuke. Nilifikiri hivyo pia. Lakini gesi imefungwa ndani ya matope. Unapuliza, juu panakuwa safi, mtu anashuka, anakanyaga, anachota, na kila akigeuza yale matope gesi mpya inatoka kwenye miguu yake inapanda usoni. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja tu: kwenye fose hakuna mtu kushuka. Si mwenye nyumba, si kibarua, si yule anayejidai ana nguvu. Na mtu akianguka ndani, yule wa pili asimfuate. Sisi tunajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote: shimoni anakufa mmoja kwa hewa, halafu ndugu yake anayemfuata, halafu rafiki anayemfuata ndugu. Kamba, watu wa kuvuta, na kelele ya kuita msaada, basi.

Sasa, ili mtu asiwe na haja ya kushuka, lazima fose ichungwe mapema. Na haiwezi kuchungwa na mtu asiyejua inafanya nini.

Wengi wetu tunaita fose kila shimo la choo. Fose ya kweli ni sanduku la zege au matofali yaliyopigwa sima ndani, isiyovuja, yenye vyumba viwili. Mwanzo wake ni Ufaransa, karibu na mwaka 1860, Jean-Louis Mouras alijenga sanduku la namna hiyo kwenye mji wa Vesoul, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1881. Kazi yake ni rahisi. Uchafu unaingia chumba cha kwanza, kile kikubwa. Vizito vinazama, vinakuwa matope. Mafuta na vyepesi vinaelea juu, vinakuwa utando. Katikati yanabaki mayi, na hayo njo yanapita chumba cha pili, halafu yanatoka kwenda shimo la kupotezea mayi, lile mafundi wanaliita puiperdi, ambalo ardhi inayanywa polepole. Vijidudu vinakula sehemu ya matope, lakini havimalizi. Kila mwaka matope yanapanda. Yakipanda sana, hayana tena nafasi ya kuzama, yanapita moja kwa moja kwenda puiperdi na kuiziba. Fose iliyojaa unaweza kuichota. Puiperdi iliyozibwa na matope, mara nyingi unachimba ingine, na unalipa upya.

Hesabu ni hii. Mtu mmoja anajaza karibu litre 40 za matope kwa mwaka. Fose ya kawaida, urefu mita 2, upana mita 1, mayi yake kina cha mita 1 na nusu, inabeba litre 3000. Matope yakifika theluthi moja, yaani litre 1000, ni wakati wa kuchota. Nyumba ya watu 8 itafika hapo katika miaka mitatu hivi. Lakini nyumba zetu ni za watu 8? Parseli ya kupangisha, familia tatu, watoto, shemeji aliyetoka Lulimba, mnafika 15 bila kujua. Hapo ni mwaka mmoja na nusu. Mtu aliyejenga fose miaka sita iliyopita na hajaifungua hata mara moja, asiseme iko nzima eti kwa sababu hainuke.

Kupima hakuna haja ya fundi. Kata fito ndefu, funga kitambaa cheupe sehemu ya chini kama mita moja, fungua kifuniko kidogo cha kuchungulia, simama upande upepo unatoka, usiinamie tundu. Teremsha fito mpaka iguse chini, ngoja kidogo, itoe polepole. Pale kitambaa kimekuwa cheusi na kizito njo urefu wa matope. Sigara iwe mbali. Watoto wawe mbali. Ukimaliza choma kitambaa au ukifukie, nawa kwa sabuni. Kazi ya robo saa kwa mwaka, mwezi wa sita, kiangazi kikianza.

Naomba pia mugonge kifuniko. Galeri unaigonga dari kwa nyundo, unasikia kama jiwe linashika au limeachia. Kifuniko cha fose ni vilevile, juu ile gesi ya yai bovu ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula sima na vyuma kutoka chini, upande usiouona. Juu panaonekana pazuri, mama anaanika nguo hapo, watoto wanacheza. Ukigonga ukasikia sauti ya utupu, au ukaona ufa wenye kutu, weka miba pale leo hiyohiyo na utafute feza ya kifuniko kipya.

Kuna vitu sisi wa shimo tunajaza fose haraka kuliko watu wengine. Nguo za kazi zinarudi na kilo za matope. Mama watoto akizifua na kumwaga mayi kwenye tundu la choo, mchanga wote unaenda kulala chini. Mchanga hauliwi na kijidudu chochote. Ziloweshe kwanza kwenye beseni, ule mchanga umwagwe kwenye migomba. Wanaosafisha mchanga wa dhahabu ndani ya parseli, vilevile. Mafuta machafu ya motopompe na asidi ya batri vinaua vijidudu, na javeli nyingi pia. Na msidanganywe na unga wowote wa kuuzwa eti ukitiwa hakuna tena haja ya kuchota.

Kuhusu merkire nitasema polepole, kwa sababu watu hawapendi. Wale wanaoitumia kukamata dhahabu, mayi ya kuoshea msiyamwage chooni. Merkire haiozi. Ndani ya matope yasiyo na hewa, kama ya fose na ya chini ya ziwa, vijidudu vinaweza kuigeuza kuwa sumu mbaya zaidi, inayoingia ndani ya samaki. Huko Minamata, nchi ya Japani, mwaka 1956 ndipo ugonjwa ulitambuliwa. Watu walikula samaki wa ghuba yao ambamo kiwanda kilikuwa kinamwaga uchafu wenye merkire, na watoto walizaliwa vilema. Sisi tunakula ndakala na mikeke kila siku.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko harufu. Msimu wa mvua, usiku, ikianza kunyesha kwa nguvu, kuna watu wanaofungua fose yao na kuachilia kila kitu kwenye mtaro wa avenyu. Asubuhi mtaro umesafishwa na mvua, hakuna aliyeona. Lakini mtaro unaenda wapi? Unaenda mtoni, na mto unaenda ziwani, na ziwani njo mama wa jirani anachota mayi saa kumi na mbili ya asubuhi. Kolera haikai kwetu kwa uchawi. Tangu miaka ya 1970 inatembea kwenye kando ya Ziwa Tanganyika, Kalemie, Fizi, Uvira, inalala kidogo, inaamka. Mgonjwa mmoja ndani ya nyumba, fose inavuja au inafunguliwa usiku, na avenyu nzima inaingia kwenye hema la wagonjwa.

Hii si aibu ya Wakongo peke yao. Mwaka 1854, London, mji mkubwa wa dunia wakati ule, kolera iliua zaidi ya watu 600 kwenye mtaa wa Broad Street na jirani zake. Muganga John Snow alionyesha kwamba wengi walikuwa wanakunywa mayi ya pompe moja ya mtaa. Padri wa hapo, Henry Whitehead, mwanzoni hakumwamini, akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza ili amkosoe, na mwisho yeye mwenyewe akapata kisa: mtoto mchanga alikuwa ameugua kwenye nyumba iliyo mbele ya pompe, na mama yake alimwaga mayi aliyofulia nepi ndani ya shimo la uchafu la nyumba. Walipochimba wakakuta matofali ya lile shimo yameoza, na kutoka pale mpaka kisima haikufika mita moja. Shimo moja la nyumba moja, lisilochungwa.

Sisi tunaambiwa mita 30 kati ya choo na kisima, na chini ya shimo kubaki juu ya mayi ya ardhini kwa mita 1 na nusu. Kwenye mlima, sawa. Lakini hapa Baraka, karibu na ziwa, unachimba kidogo tu mchanga unaleta mayi. Na mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, kutoka Uvira mpaka Kalemie. Fose nyingi zilimezwa. Anayejenga upya karibu na mayi asichimbe chini, ainue. Fose iwe nusu juu ya ardhi, na choo kiwe na ngazi. Ni sima zaidi, najua, na majirani watacheka choo chenye ngazi. Wacheke.

Njo maana pia tunachota kiangazi na si wakati wa mvua. Ardhi ikiwa imejaa mayi, fose tupu inasukumwa kutoka chini kama mtumbwi, inapasuka au inainuka. Bakisha matope kidogo chini, maana yana vijidudu vya kuanzisha kazi upya, na ukimaliza tu, ijaze mayi.

Na kuchota bila kushuka, kunafanyika namna gani? Palipo na gari la kunyonya na avenyu ya kupita, hilo ni la kwanza. Lakini avenyu zetu nyingi pikipiki mbili hazipishani, na barabara ya Misisi kila mtu anaijua. Huko Dar es Salaam, ambako vijana walikuwa wanashuka kama wa kwetu mpaka wakaitwa vyura, ililetwa pompe ya mkono inayoitwa Gulper. Ni bomba la plastiki na fito ya chuma yenye vali. Mtu anasimama juu, anavuta na kusukuma kama anayetwanga, matope yanapanda yanaingia kwenye pipa. Kampala nao wanaitumia. Haifiki chini sana, na matope yaliyokauka lazima uyalainishe kwanza kwa mayi, lakini fose ya mita 1 na nusu inaiweza. Hakuna ndani yake kitu ambacho wachomeleaji wetu wa Misisi hawawezi kutengeneza. Wanaunga mashine za kutwanga mawe kila siku.

Kwa hiyo sendika tunapeleka mambo matatu. Kwa kooperative za wachimbaji: Kode ya madini inatutaka tuwe ndani ya kooperative, na kila mwezi tunatoa mchango. Kila kooperative itengeneze pompe moja ya namna hiyo, inunue glavu ndefu, mabuti na mapipa, na ichague vijana wanne wafundishwe. Hiyo iwe kazi yenye bei na heshima, kwa wale ambao shimo lao limejaa mayi. Kwa wenye parseli za kupangisha: kuchota fose ni deni lenu, si la mpangaji. Mnachukua loyer ya familia tatu, mnajua wako wangapi, basi hesabu ya litre 40 mnaiweza pia. Msiwaambie wapangaji « changeni » siku choo kimefurika.

Kwa meya wa Baraka na viongozi wa komini zake tatu, Baraka, Kalundja na Katanga: mtuonyeshe mahali pa kumwaga, mbali na mto na ziwa, panapojulikana na kila mtu, na kibao juu yake. Sheria ya mayi ya mwaka 2015 inazipa mikoa na miji kazi ndani ya huduma ya mayi safi, na mayi hayawezi kuwa safi kama uchafu hauna anwani. Mpaka hapo, mwenye shamba kubwa achimbe mtaro kavu mbali na kisima, amwage, afukie siku hiyohiyo, apande migomba, asiguse udongo huo kwa kulima mboga.

Yule kijana nilimtafuta baadaye. Yuko Lubichako, shimo lingine, anafanya kazi ya kuvuta kamba. Nilimuomba msamaha kwa simu, akacheka, akaniuliza kama kuna fose ingine ya kuchota. Nikamwambia iko, ila safari hii angoje pompe. Akauliza pompe itakuja lini. Kikao cha kooperative ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu, na jambo hilo nimeliandikisha la kwanza.